Kabla ya Kununua Pampu Nyingine

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kata ya Mpepai kuhusu kuchagua pampu ya maji inayochukua nafasi ya ile iliyoharibika



Mimi si mhandisi wala si fundi. Kazi yangu ni kuyachukua maelezo ya wataalamu na kuyaleta kwenu katika lugha ambayo mtu anaweza kwenda nayo dukani. Jambo nililokuja nalo leo linaonekana dogo: pampu ya kisima imekufa, inatakiwa nyingine. Hata hivyo, ndani yake mna fedha nyingi za watu. Kaya zinazotumia kisima kimoja huchanga baada ya kuuza kahawa, huchagua mtu wa kwenda kununua, na mtu huyo hurudi na boksi zuri. Pampu ikifungwa na maji yasifike kwenye tangi, hasara haiishii katika bei ya pampu. Anayeshika fedha huanza kutiliwa shaka, michango ya pili huwa migumu, na akina mama na watoto hurejea kijitoni na ndoo. Maji yakimwagika hayazoleki, na fedha ya kikundi ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo nitazungumzia mambo ambayo mnunuzi hana budi kuyajua kabla hajapanda gari kwenda mjini.

Je, ni pampu iliyokufa?

Swali la kwanza si pampu gani inunuliwe. Swali la kwanza ni kama kweli pampu ndiyo mbovu. Aghalabu maji yanapokatika, lawama huangukia pampu kwa sababu ndiyo isiyoonekana, imo chini ya ardhi. Lakini huenda kilichokufa ni kapasita ndani ya kisanduku cha kuwashia, kifaa ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya pampu. Huenda umeme unaofika kisimani ni dhaifu. Huenda waya umechubuka. Huenda bomba la ndani ya kisima limetoboka na maji yanarudi yalikotoka, huku pampu ikinguruma kama kawaida. Huenda kina cha maji kimeshuka katika miezi ya kiangazi na pampu inavuta hewa.

Mtakeni fundi apime kwa utaratibu huu: kwanza umeme unaofika, kisha kisanduku na kapasita, kisha waya, kisha mota yenyewe, na mwisho kina cha maji. Asianze kwa kuitoa pampu kisimani, maana kuitoa na kuirudisha ni kazi ya gharama.

Ikithibitika kwamba pampu imekufa, ulizeni imekufa kwa nini. Pampu iliyoliwa na mchanga itafuatwa na nyingine itakayoliwa na mchanga. Pampu iliyoungua kwa sababu ya umeme dhaifu itafuatwa na nyingine itakayoungua hivyo hivyo. Mwombeni fundi aifungue mbele yenu. Magurudumu ya ndani yakiwa yamelika na kulainika, ni mchanga. Yakiwa yameyeyuka na kugandamana, pampu ilizunguka bila maji. Mota ikiwa na harufu ya kuungua na magurudumu yakiwa mazima, tazameni upande wa umeme au radi. Pampu iliyokufa ni ushahidi, msiitupe kabla haijasema lililoipata.

Namba nne za kwenda nazo dukani

Muuzaji akiulizwa, “Nipe pampu nzuri,” atatoa aliyonayo. Akiulizwa kwa namba, atalazimika kujibu kwa namba. Namba hizo ni nne.

Ya kwanza ni kina cha maji wakati pampu inafanya kazi. Kisima kikiwa kimetulia, maji yanaweza kuwa mita 15 kutoka juu. Pampu ikivuta kwa saa moja au mbili, yanaweza kushuka hadi mita 22. Kinachohesabiwa ni hiyo 22. Kwa kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo, namba hizi zimo katika taarifa ya uchimbaji ambayo mchimbaji anapaswa kuwakabidhi: urefu wa kisima, kina cha maji yaliyotulia, kina wakati wa kuvuta, kiasi cha maji kwa saa, na upana wa bomba la kisima. Kama taarifa hiyo imepotea, mtafuteni mchimbaji, au ulizeni katika Bodi ya Maji ya Bonde.

Ya pili ni mwinuko kutoka mdomo wa kisima hadi mahali maji yanapoingilia kwenye tangi. Nasema mwinuko, wala si umbali wa kutembea. Hapa kwetu kisima huwa bondeni na nyumba huwa mgongoni mwa kilima, kwa hiyo namba hii ndiyo inayoangusha wengi.

Ya tatu ni urefu na upana wa bomba. Maji yanapopita bombani husuguana na kuta zake, na msuguano huo hula nguvu ya pampu kana kwamba kilima kimeongezeka.

Ya nne ni kiasi cha maji mnachohitaji kwa siku, na kiasi ambacho kisima chenyewe kinaweza kutoa kwa saa. Viwili hivi vikigongana, kisima ndicho chenye kauli ya mwisho. Pampu inayovuta lita 3,000 kwa saa katika kisima kinachotoa lita 1,500 haiwaletei maji mengi zaidi. Itakikausha kisima, itavuta mchanga, kisha itazunguka bila maji hadi iungue. Katika kisima cha namna hiyo chukueni pampu ndogo ifanye kazi kwa saa nyingi, na tangi liwe ndiyo ghala.

Tuhesabu pamoja

Tuseme kaya 20 zina kisima kimoja, na kila kaya ina watu watano. Hao ni watu 100. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kwa hiyo zinahitajika lita 2,500. Tuongeze lita 1,500 kwa mifugo, bustani na kuosha kahawa wakati wa mavuno. Jumla ni lita 4,000 kwa siku. Pampu ya lita 2,000 kwa saa itazimaliza kwa saa mbili.

Sasa kimo. Maji yako mita 22 chini wakati wa kuvuta. Kutoka kisimani hadi lilipo tangi kuna mwinuko wa mita 18. Tangi liko juu ya jukwaa, na mdomo wake uko mita 5 kutoka ardhini. Ishirini na mbili, na kumi na nane, na tano: mita 45.

Bomba lina urefu wa mita 180. Likiwa la plastiki la milimita 32, ambalo ndani lina uwazi wa milimita 27 hivi, msuguano kwa lita 2,000 kwa saa ni kama mita 8. Jumla inakuwa mita 53. Lakini mkiokoa fedha kwa kununua bomba la milimita 25, ambalo ndani lina milimita 20 na kidogo, msuguano unapanda hadi kama mita 30, na jumla inakuwa mita 75. Kilima ni kile kile, kisima ni kile kile, ila pampu sasa inafanya kazi zaidi kwa asilimia 40, na asilimia hizo mtazilipa katika luku kila mwezi kwa miaka yote ya pampu hiyo. Bomba jembamba hulipiwa mara moja dukani, na mara nyingi nyumbani.

Kwa hiyo mnunuzi wa kikundi hiki ataingia dukani na sentensi moja: “Natafuta pampu inayotoa lita 2,000 kwa saa kwa kimo cha mita 53 hadi 55.” Hapo ameshazungumza kama fundi.

Namba mbili zinazodanganya bila kusema uongo

Tazameni kibati kilichobandikwa kwenye pampu. Mtakuta kimeandikwa kimo cha juu kabisa, tuseme mita 60, na mtiririko wa juu kabisa, tuseme lita 4,000 kwa saa. Msomaji wa haraka hufikiri kwamba pampu hiyo itapandisha lita 4,000 hadi mita 60. Sivyo. Kimo cha juu kabisa ndicho ambacho pampu inashindwa: hapo maji yanasimama bombani na hakuna tone linalotoka. Na mtiririko wa juu kabisa ni pale ambapo pampu haipandishi kitu, inamwaga tu mbele yake. Ukweli wa kazi uko katikati, nao umo katika jedwali au mchoro wa mstari unaoteremka, ambao huchapishwa ndani ya kijitabu cha pampu au kwenye boksi. Mwambieni muuzaji aufungue. Tafuteni kimo chenu, kisha someni ni lita ngapi zinatoka kwa kimo hicho. Pampu iliyochaguliwa vema hufanya kazi karibu na katikati ya mstari huo, mbali na ncha zake.

Jambo hili ndilo linalonifanya nitaje pampu za mabwawa ya kuogelea. Katika maduka ya vifaa vilivyotumika, pampu hizo hupatikana, nyingine kutoka ng’ambo. Ni nzito, zina kikapu cha kuchujia chenye mfuniko wa kioo, na bei yake huvutia. Muuzaji atasema kwa haki kabisa kwamba inatoa lita 15,000 kwa saa. Ni kweli, inatoa. Lakini imeundwa kuchukua maji bwawani, kuyapitisha katika chujio, na kuyarudisha katika bwawa lile lile. Hakuna kilima. Kazi yake ni kushinda ukinzani wa chujio na mabomba, kimo cha mita 10 au zaidi kidogo. Mota yake inaweza kuwa ya nguvu farasi moja, sawa na ya pampu ya kisimani tuliyoihesabu. Moja imeitumia nguvu hiyo kuzungusha maji mengi chini, nyingine kuyainua machache juu. Mkiifunga ile ya bwawa kwenye kilima chetu cha mita 53, itanguruma kutwa na tangi litabaki kavu. Kwa hiyo nguvu farasi peke yake si kipimo cha kununulia.

Na mwenye nyumba ya wageni au hoteli yenye bwawa la kuogelea, ambaye pampu yake imekufa, kanuni ni ile ile kwa upande wake. Apime maji ya bwawa, ayagawe kwa saa anazotaka yazunguke yote. Bwawa la lita 60,000 linalotakiwa kuzunguka kwa saa 8 linahitaji lita 7,500 kwa saa. Asichukue pampu kubwa kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye chujio, maana maji yakipita kwa kasi mno, chujio la mchanga halishiki uchafu. Na azingatie upana wa mabomba yaliyokwisha kuzikwa, kwa kuwa pampu kubwa haiwezi kuyapanua.

Mwinuko wa nchi yetu

Wazee wa Umatengo walipobuni ngolo walikuwa wameusoma mlima: mvua inashuka wapi, udongo unakimbilia wapi, shimo lichimbwe wapi ili maji yakae. Mwenye kununua pampu naye ausome mlima, kwa sababu mwinuko hubadili nguvu ya mashine.

Wengi hutumia pampu za petroli zinazokaa juu ya ardhi na kuvuta maji kwa mpira kutoka kijitoni au katika kisima kifupi. Pampu hizi, kwa kweli, hazivuti maji. Huondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Usawa wa bahari, hewa inaweza kuyapandisha maji hadi mita 10 na kidogo, kama pampu na mpira vingekuwa kamili. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako ni karibu mita 475 juu ya bahari, kiasi hicho kinashuka kuwa chini kidogo ya mita 10. Kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, kama ulivyo katika sehemu nyingi za nyanda za Mbinga, kinakuwa chini ya mita 9. Ukiondoa msuguano na mapungufu ya mashine, kinachobaki cha kutegemea ni kama mita 6. Pampu iliyomfaa ndugu yako wa Mbamba Bay kwa mita 7 inaweza kukugomea wewe, wala haina ubovu wowote.

Injini ya petroli nayo hupungukiwa na nguvu kwa kuwa hewa ni nyepesi: takribani asilimia 1 kwa kila mita 100 za kupanda. Kwenye mita 1,300, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa haipo.

Hitimisho la sehemu hii ni jepesi. Maji yakiwa zaidi ya mita 6 chini ya mahali pampu itakapokaa, acheni pampu ya juu, tafuteni ya kuzamishwa. Pampu ya kuzamishwa imo ndani ya maji na huyasukuma kutoka chini, hivyo wepesi wa hewa hauigusi.

Na wanaovuta kutoka kijitoni wakumbuke Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayolinda mita 60 kandokando ya mito na vyanzo vya maji. Petroli na oili zinazochuruzika ukingoni huishia katika ndoo ya jirani anayechota chini yako. Kabla ya kuweka mtambo wa kudumu au kuchepusha maji kwa ajili ya kahawa au umwagiliaji, ulizeni Bodi ya Maji ya Bonde kuhusu kibali. Hilo limo katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009.

Umeme, waya na jua

Umeme wa TANESCO majumbani ni wa volti 230 na hezi 50. Pampu iliyotumika inayotoka nchi za hezi 60, kama Marekani, hata ikipatiwa kifaa cha kurekebisha volti, itazunguka polepole kwetu kwa sehemu moja ya sita. Kimo chake hakitapungua kwa sehemu moja ya sita tu, bali kitashuka hadi kama asilimia 70 ya kilichoandikwa. Someni kibati: kama hakuna namba 50, iacheni.

Waya ni jambo linalosahauliwa. Tuseme kutoka kwenye mita ya umeme hadi pampu ni mita 150, na pampu inachukua ampea 6. Waya wa milimita za mraba 1.5 utapoteza njiani karibu volti 22. Kikiingia 230 kinafika 208, na jioni majirani wakiwasha vyao kinafika pungufu zaidi. Mota inayolishwa volti chache huvuta umeme mwingi, hupata joto, na huungua kabla ya wakati wake. Waya wa milimita za mraba 4 kwa umbali huo huo utapoteza kama volti 8 tu. Pampu inaweza kuwa nzima na ya kampuni bora, ikauliwa na waya uliochaguliwa kwa bei. Pimeni volti kisimani mara mbili, mchana na saa mbili usiku, kabla ya kununua chochote. Ikiwa umeme unaofika kwenye mita ni dhaifu tangu mwanzo, taarifa ipelekwe TANESCO kwanza.

Kazi ya kuunganisha ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Maji na umeme mahali pamoja si mchezo. Kisanduku kiwe na kinga ya kuzima umeme unapozidi au kupungua, kinga ya kuzima pampu kisima kinapokauka, na waya wa ardhini uliozikwa sawasawa, maana msimu wa mvua kwetu ni msimu wa radi.

Kwa walio mbali na nguzo, sola ni njia halali na inazidi kutumika katika miradi ya maji vijijini. Bahati nzuri kwetu ni kwamba mvua zina msimu mmoja, na miezi ya kiangazi ambayo vijito hupungua na kahawa inahitaji kuoshwa ndiyo miezi mikavu. Lakini pampu ya sola huchaguliwa pamoja na paneli na kifaa cha kuiongoza, vyote kwa pamoja. Kubadili pampu peke yake na kuacha paneli za zamani ni kama kumpa punda mzigo wa trekta. Na kwa kuwa jua lenye nguvu huwa la saa chache, pampu ya sola huwa na mtiririko mdogo wa muda mrefu, hivyo tangi liwe kubwa: ni heri kuhifadhi maji kuliko kununua betri.

Pampu za mkono

Wale wanaotumia pampu za mkono nao wasikilize. Aina hazibadilishani ovyo. Afridev, iliyoendelezwa katika miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanyika Malawi na Kenya, ilikusudiwa kijiji kiweze kuitengeneza chenyewe kwa vifaa vichache, nayo hufaa kina cha hadi mita 45. Nira AF85 hufanya kazi kwa kuinua na kushusha mpini moja kwa moja, bila wenzo, nayo hufaa visima vifupi vya hadi mita 15 hivi. Kisima chenye maji mita 25 kikifungwa Nira, mama atavuta hadi mabega yaume na maji yasije.

Mara nyingi pampu ya mkono haihitaji kubadilishwa yote. Ni mipira na vijiti vya ndani. Kabla ya kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine, ulizeni vipuri vyake vinapatikana wapi karibu. Pampu bora isiyo na vipuri Mbinga wala Songea ni pampu ya muda.

Siku ya kununua

Pimeni upana wa bomba la kisima kabla ya kuondoka. Pampu ya inchi 4 inaweza kubana au kukwama katika bomba la inchi 4: ni salama zaidi kwenye la inchi 5 au 6, na kwenye bomba la inchi 4 pampu ya inchi 3 huingia kwa urahisi. Pampu iliyokwama kisimani inaweza kukiua kisima kizima.

Chukueni bei za maduka matatu kwa maandishi, zote kwa namba zile zile mlizohesabu. Waende watu wawili, asiende mmoja. Daini risiti ya mashine yenye jina la kikundi, aina ya pampu na namba yake ya utambulisho, na cheti cha dhamana kilichogongwa muhuri. Ulizeni dhamana inavunjwa na nini, kwa sababu nyingi hazilipi pampu iliyozunguka bila maji. Pampu iliyotumika haina dhamana hiyo, na bei yake ya chini ihesabiwe hivyo.

Wakati wa kuifunga, pampu ikae mita kadhaa chini ya maji yaliposhukia wakati wa kuvuta, na isikae sakafuni mwa kisima penye tope. Ifungwe kamba madhubuti isiyooza, isining’inie kwa waya wa umeme. Pawepo valvu ya kuzuia maji yasirudi. Kabla fundi hajalipwa malizio, fanyeni jaribio mbele ya wote: ndoo ya lita 20, saa mkononi, mdomo wa bomba tangini. Pampu ya lita 2,000 kwa saa hujaza ndoo hiyo kwa sekunde 36. Ikichukua sekunde 37 au 38, hakuna ubaya. Ikichukua dakika moja na nusu, kuna jambo, na fundi angali hapo.

Andikeni yote katika daftari la kisima: tarehe, kina pampu ilipokaa, namba zake, volti zilizopimwa, sekunde za ndoo. Rudieni jaribio la ndoo kila baada ya miezi mitatu. Sekunde zikianza kuongezeka, mmeonywa mapema, na mnaweza kutengeneza kabla ya kununua.

Pa kuuliza

Kama maji yenu ni ya mradi wa kijiji, pampu hiyo si mali ya mtu mmoja wala ya kiongozi mmoja. Iko chini ya chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho kinasimamiwa na RUWASA, Wakala ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Msinunue pampu ya mradi bila kamati kukaa na wataalamu wa RUWASA wa Wilaya ya Mbinga. Kila mchangiaji ana haki ya kuuliza matumizi ya mchango wake na kusomewa mapato na matumizi katika mkutano. Kisima kikiwa cha familia au cha kikundi, bado mlango wa wataalamu uko wazi kwa ushauri, na Ofisi ya Mtendaji wa Kata inaweza kuwaelekeza. Kuuliza si ujinga.

Ndugu wananchi, anayetoka hapa na jambo moja tu, atoke na hili: kabla ya fedha kutoka mkobani, andikeni katika karatasi moja kina cha maji, mwinuko, bomba, na lita kwa siku. Karatasi hiyo iende dukani pamoja na fedha, na ikirudi ibandikwe katika daftari la kisima. Anayetaka kusaidiwa kuijaza afike ofisi ya kata akiwa na vipimo vyake, hata kama ni vya kamba yenye mafundo.